Maji Yasiyofika Chini

Dena Nzai alikuwa na ugomvi na maji. Maji ya mfereji kila mtu wa mtaa wa Barani ana ugomvi nayo, hilo si la ajabu. Yeye ugomvi wake ulikuwa na maji yanayoanguka kutoka mlimani. Alikuwa ameyachora tangu ujana wake, kwenye kuta za vinyozi, kwenye mikahawa, kwenye kumbi za harusi, na nyuma ya tuktuk ambazo siku hizi zikimpita barabarani yeye hugeuza uso. Na hakuwahi kuyaona hata siku moja. Huku kwetu Malindi nchi imelala. Mtu akitaka mlima hupanda basi akaufuate uliko. Mto ambao Dena alikulia kando yake kule Jilore ni mpana na mwekundu, unajikokota kwenda baharini bila haraka yoyote. Lakini mwulize mtu wa hapa anataka achorewe nini ukutani. Mto wa kwao hautaki. Ng'ombe hataki, mnazi hataki, hata bahari haitaki kwa kuwa anaiona bure. Anataka maporomoko, tena marefu.

"Watu hawa wamelogwa," Dena alikuwa akimwambia mkewe Kabibi kila arudipo jioni na rangi ya buluu kwenye kucha.

"Na aliyewaloga ni wewe, Baba Nzai," Kabibi alimjibu.

Na alisema kweli, maana maporomoko ya kwanza mjini yalitoka mkononi mwa Dena mwenyewe, ndani ya studio ya Bwana Alkesh.

Huyo Alkesh alikuwa Mhindi wa mji wa kale, mpiga picha, mtu mpole aliyevaa suruali za kupigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama. Enzi hizo hapakuwa na simu za kupigia picha. Mtu akioa, akizaa, akishona nguo ya Idi au ya Krismasi, alikwenda kwa Alkesh, akaketi kwenye benchi, akaambiwa asicheke. Ukuta wa nyuma ulikuwa mweupe, na Alkesh alichoka kuwapiga watu picha mbele ya weupe. Akamtafuta kijana wa Jilore aliyesifiwa kwa kuandika majina ya maduka, akamwambia, "Nataka maporomoko. Mfano uko juu, jikoni kwa mke wangu."

Mfano wenyewe ulikuwa picha ya kalenda. Ilitundikwa karibu na jiko, na mwenye kalenda alikuwa Prabhavati, mke wa Alkesh, mwanamke mfupi asiyetaka mchezo. Dena alipoiona picha ile alisimama mlangoni akasahau kusalimu. Palikuwa na mawe mawili meusi juu kabisa ya mlima, na katikati yake kijito kikitoka, chembamba. Maji yalishuka, yakapita ubavuni mwa mti mdogo uliopinda ulioshikilia jabali, yakashuka tena, marefu, meupe, mpaka shingo ikakuuma kwa kuyafuata ingawa yalikuwa kwenye karatasi. Halafu, karibu na chini, yaligeuka ghafla kushoto. Na hapo hapo yalipogeuka ndipo kilipobandikwa kitabu cha tarehe, kile kinene cha kuchanwa ukurasa kila siku, chenye maandishi ya Kigujarati na alama za mwezi. Tarehe zilifunika chini yote ya picha.

Yaligeuka kwa nini? Yalikutana na nini pale chini? Jiwe? Mti ulioanguka? Bwawa? Dena alishuka studio akachora mawe meusi, akapanda tena jikoni kutazama, akashuka akachora mti uliopinda, akapanda tena. Alipofika kwenye mgeuko alinyoosha kidole ainue kitabu cha tarehe achungulie. Prabhavati akampiga mkono kwa mwiko wa chapati.

"Usiguse! Una rangi mikononi. Hizo ndizo siku zangu za mfungo."

"Mama, nataka kuinua kidogo tu."

"Hakuna kuinua."

Alkesh, aliyekuwa akimwogopa mkewe kama sisi sote tulivyomwogopa, alimvuta Dena pembeni. "Chora chochote. Hapo chini patakaa benchi, na maua ya plastiki. Nani ataona?"

"Mimi nitaona," Dena alisema.

Hapo ndipo ubishi wake ulipoanzia, na mimi kwa upande wangu sijui kama niuite ubishi au heshima ya kazi. Mtu mwingine angepaka povu, akaondoka. Dena aliacha sehemu ya chini vilevile, nyeupe tupu, na benchi likawekwa mbele yake. Mpango wake ulikuwa rahisi. Kalenda ya kuchanwa huisha. Mwaka ukimalizika, ukurasa wa mwisho utachanwa, na chini ya picha itakuwa wazi. Angesubiri Desemba.

Alisubiri. Siku ya mwaka mpya alioga, akavaa shati safi, akapanda ngazi za jikoni kwa Prabhavati na mikono isiyo na doa. Ukutani palikuwa na kalenda nyingine. Ya bustani ya maua.

"Mwaka umekwisha, Mama. Nimekuja kuiona ile picha."

Prabhavati alicheka, jambo alilolifanya kwa nadra. "Mwaka wenu umekwisha leo. Wetu uliisha Divali, Dena. Divali! Nyumba yote tumepindua, tumeosha, tumebadilisha kalenda. Hukuona taa?"

Taa alikuwa ameziona. Tena alikula peremende zake, akamsifu mpishi. Mwaka wa watu wengine ulikwisha mdomoni mwake akitafuna, wala hakujua.

"Na ya zamani iko wapi?"

"Nimeiweka."

"Wapi?"

"Mahali."

Kila aliyemfahamu Prabhavati alijua kwamba hatupi kitu. Uzi wa kifurushi aliuhifadhi, mfuko wa sukari aliukunja. Na hilo ndilo lililomtesa Dena kuliko lote. Picha ingetupwa, angelia siku moja akapumzika. Lakini ilikuwamo ndani ya nyumba ile, chini ya godoro au nyuma ya kabati, na kila alipouliza aliambiwa mahali.

Sasa, jambo hili lisingemhusu mtu mwingine kama Dena hangekuwa na mke. Alikuwa ndiyo kwanza amemwoa Kabibi, na Kabibi alitaka picha ya wawili mbele ya maporomoko kama maharusi wote wa mji. Alisuka nywele, akafunga leso mpya, wakaenda. Dena alimketisha kwenye benchi, upande wa kulia, akamwambia Alkesh ampige peke yake.

"Na wewe?" Kabibi aliuliza.

"Mimi siketi mbele ya kazi isiyokwisha. Nitakaa hapo siku nitakayoimaliza."

Kabibi alidhani ni suala la miezi. Akaacha nafasi kando yake kwenye benchi, kwa adabu, kama mtu aliyewekea mwenzake kiti. Alipomzaa Nzai alirudi akapigwa na mtoto mapajani, na nafasi kando. Alipozaa wa pili, nafasi kando. Picha hizo zilitundikwa sebuleni kwao Barani, na wageni wasiowajua vizuri walimwuliza Kabibi taratibu marehemu alikufa lini. Naye hujibu, "Marehemu yuko nje, anaosha brashi."

Miaka ikaenda. Simu zikaja, studio ikafungwa, Alkesh akafariki. Chumvi ikaingia ukutani, lipu ikabambuka, na maporomoko ya kwanza ya Dena yakadondoka sakafuni vipande vipande mchana mmoja bila mtu wa kuyatazama. Dena alipopata habari alisema afadhali. Hakusema kwa moyo.

Ndipo mwaka jana Bijal, mjukuu wa Alkesh, akaamua kuifungua studio ya babu yake iwe mkahawa wa faluda, bhajia na maji ya matunda. Akapiga lipu upya, akampigia Dena simu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka yale maporomoko ya babu. Yale yale. Watu wazima wote wa mji huu wana picha mbele yake, waje waketi tena. Ila safari hii nataka kutoka darini mpaka sakafuni."

Dena aliibana simu sikioni. "Mpaka sakafuni?"

"Mpaka sakafuni. Ukuta wote uwe wazi, hakuna benchi wala maua ya plastiki. Nafungua Divali. Na fundi, usinielewe vibaya, lakini kama haitawahi, kuna watu Mombasa wanachapisha picha kwenye plastiki, wanakuja kuibandika asubuhi moja."

Mawe meusi aliyachora bila kufikiri. Mti uliopinda ulijichora wenyewe. Mkono wake ulikuwa umeyazoea maji yale kuliko ulivyozoea kijiko. Akashuka ngazi daraja baada ya daraja, mpaka akafika kwenye mgeuko, na hapo akakwama pale pale alipokwama ujanani.

Aliweka jiwe. Jiwe likaonekana kama gunia la makaa. Akalifuta kwa tapentaini. Aliweka bwawa, bwawa likawa sahani. Akafuta. Aliweka povu, povu likafanana na sufuria ya maharagwe iliyofurika, na yeye mwenyewe akalitukana kabla mtu mwingine hajawahi. Fazal, mwenye duka la vitambaa jirani, alikuwa akija kila mchana na kikombe cha kahawa kutoa maoni ambayo hakuombwa.

"Weka bata," Fazal alisema.

"Bata?"

"Bata wawili. Watu wakiona bata hawaulizi maji yamefika wapi."

Dena alimwonyesha mlango kwa brashi.

Bijal alimletea simu, akamwonyesha maporomoko ya dunia nzima, yakianguka, yakinguruma, mengine yamepigwa kutoka angani. Dena aliyatazama moja baada ya jingine, uso umemkunjamana. Mengine yaliingia kwenye ziwa, mengine yalipasuka juu ya mawe, mengine yalipotelea kwenye ukungu.

"Si umeona sasa yanavyofika chini?" Bijal alisema. "Chagua moja."

"Haya si yale."

"Fundi, maji ni maji."

"Yale yaligeuka kushoto! Kuna kitu kiliyageuza. Nikiyabandikia hayo mwisho wa maji mengine, nimechora kiwete aliyevishwa mguu wa mtu mwingine."

Alikasirika kiasi cha kuacha kazi mchana ule akarudi nyumbani. Kabibi alikuwa ametoka matangani. Dada yake alikuwa amezikwa kule Jilore, na familia ilipotaka kuchapisha fulana za msiba ilitafuta picha ya dada na mumewe wakiwa pamoja, ikakosa hata moja. Walimchapisha peke yake, sura yake imekatwa kwenye picha ya harusi ya watu, na bega la mtu asiyejulikana limebaki pembeni. Kabibi alikuwa ameivaa fulana hiyo. Alimsikiliza Dena akilalamika juu ya mgeuko, juu ya bata, juu ya simu, mpaka akachoka.

"Baba Nzai, na mimi je? Nikifa, wanao watachapisha nini? Picha niliyokaa na hewa?"

"Naimaliza wiki hii, Mama Nzai. Nakuapia."

"Usiniapie. Nimezeeka nikisubiri maji yafike chini."

Dena alitoka kwenda kuosha brashi. Alikuwa na hasira na kila mtu usiku na mchana, lakini maneno hayo yalimwonyesha kwamba hasira ya Kabibi ilikuwa nzito zaidi, na ilikuwa juu yake. Asubuhi alitoka mapema bila kunywa chai.

Divali ilikaribia. Ukuta ulikuwa tayari isipokuwa ukanda mweupe huko chini, kimo cha kifua cha mtu mzima au zaidi kidogo. Bijal alikuwa ameacha kuuliza, na kwa Dena kimya chake kilikuwa kibaya kuliko maswali. Alijua ameshawapigia watu wa plastiki. Juu, nyumba ilikuwa inaoshwa kama ada. Vyombo vilitolewa, mazulia yalianikwa. Prabhavati, ambaye sasa alikuwa bibi kizee wa kutembea kwa kushika ukuta, aliteremka kusimamia, akaamuru picha kubwa ya marehemu mumewe ishushwe ifutwe vumbi. Ni ile picha yenye shada la maua iliyotundikwa humo studio tangu msiba. Bijal akaigeuza, akaona mchwa wameanza kula fremu. Akabandua misumari, akatoa kadibodi ya nyuma iliyoshikilia picha.

"Fundi," akaita, na sauti yake ilikuwa ya ajabu. "Njoo uone."

Wakati huo Kabibi ndiyo kwanza anaingia na chakula cha Dena ndani ya bakuli lililofungwa kitambaa. Akasimama mlangoni.

Kadibodi ilikuwa kalenda. Mawe mawili meusi, kijito chembamba, mti uliopinda. Rangi zilikuwa zimefifia, lakini yalikuwa yenyewe. Kitabu cha tarehe kilishakwisha kuchanwa zamani za Divali ile. Dena alipangusa mikono kwenye shati, akaipangusa tena, akaipokea kadibodi kwa ncha za vidole. Akafuata maji kwa macho, polepole, hakutaka kuharakisha. Mti. Jabali. Mgeuko.

Baada ya mgeuko hapakuwa na kitu. Picha iliishia hapo hapo. Chini yake palikuwa na kadibodi nyeupe, mashimo mawili ya pini yenye kutu, na jina la duka la matairi la Mombasa na sanduku lake la posta.

Fazal, aliyekuwa ameingia na kahawa yake, alisogea akachungulia, na kwa mara ya kwanza hakutoa maoni.

"Hakuna chini," Dena alisema. "Hawakuichora. Hakuna!" Akamgeukia Prabhavati. "Miaka yangu yote, Mama! Ungeniacha niinue siku ile!"

Prabhavati alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Ungeniuliza kuna nini chini, ningekujibu. Nilikuwa naiona kila asubuhi nikichana. Wewe hukuuliza kuna nini. Ulisema unataka kuinua, na mikono ilikuwa michafu."

Dena akairusha brashi, ikagonga kopo la rangi nyeupe, likamwagika. Aliketi juu ya ngazi, kichwa mikononi. Asingechora tena. Waje watu wa plastiki, wabandike wanachotaka, hata bata.

Kabibi aliweka bakuli chini. Akatoka nje uani, na wote wakasikia kitu kikiburutwa. Alirudi akivuta benchi la studio, lile lile, lililokuwa limesimamishwa kwenye banda la kuni, na magoti yake mabovu yakimlazimisha kupumzika kila hatua chache. Bijal alikimbilia kumsaidia, akakataa. Akaliegesha benchi ukutani, mbele ya ule ukanda mweupe, akaketi upande wa kulia, akajitanda leso vizuri kichwani mpaka mgongoni, akaacha nafasi kando.

"Kaa," alisema.

"Sijamaliza, Mama Nzai."

"Wala hutamaliza. Umeona mwenyewe hakuna cha kumaliza. Kaa."

"Nina rangi mwili mzima."

"Dena." Hakuwahi kumwita hivyo tangu Nzai azaliwe. "Kaa nikuone."

Akaketi. Aliketi kama mtu aliyepelekwa kwa chifu, mikono magotini, uso umekunjwa, bado ana hasira na Prabhavati, na duka la matairi, na Mungu aliyeiumba milima mbali na Malindi. Bijal akainua simu. Bila kufikiri akasema maneno aliyokuwa akiyasema babu yake, "Msicheke," na Kabibi akacheka.

Bijal akawapa simu watazame. Dena alitazama kwanza kazi yake, kama kawaida yake, akitafuta kosa. Mawe. Mti. Maji yalishuka marefu, meupe, yakafika juu ya kichwa cha Kabibi, na hapo, juu kidogo tu ya leso yake, yakageuka kushoto, yakamkwepa, yakamwangukia Dena utosini.

Alikumbuka zile picha za sebuleni. Alikuwa amepita mbele yake asubuhi na jioni, asione ila weupe aliouacha nyuma ya benchi. Katika zote maji yaligeuka vilevile, yakamkwepa Kabibi, yakamwagikia ile nafasi iliyo wazi.

"Hayo yamefika," Kabibi alisema.

Safari hii hasira ya Dena haikupata mtu wa kumwangukia isipokuwa yeye mwenyewe. Kabibi aliisogeza simu karibu na macho, akajitazama kwa muda mrefu, akajigusa shavu.

"Ila siku zile," alisema, "nilikuwa na meno yangu yote."

Akamrudishia Bijal simu. Dena akachukua kitambaa, akachovya kwenye tapentaini, akaanza kumfuta rangi mbichi ya ukutani iliyomshika kwenye leso mgongoni. Haikutoka.